UZI: Mwaridi wa jangwani unakufa kwa maji. Njooni tuelekezane namna ya kuutunza

#1 Mama Asmini, Kigamboni

Wakuu, habari za asubuhi. Masika haya nimesoma humu maswali mengi ya watu waliopoteza miwaridi yao ya jangwani, na karibu kila kisa ni kilekile kilichonipata mimi mwaka 2017. Nimeona niandike yote ninayoyajua mahali pamoja. Wenye kujua zaidi waongeze, na nilipokosea nirekebishwe.

Nauzungumzia ule mti mfupi wenye kitako kinene kama chupa, majani yamekusanyika nchani mwa matawi, na maua ya pinki au mekundu yenye umbo la tarumbeta. Wauza miche wa barabarani wengi wanauita kwa jina la Kizungu. Jina la kitaalamu ni Adenium obesum. Hilo neno la pili maana yake ni nene, na la kwanza limetokana na Aden, kule Yemen. Mtu wa kwanza kuuandika kitaalamu ni Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 akiwa kwenye msafara wa Wadenmark. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Kwa hiyo wengi wakadhani ni mti wa Waarabu. Ni wa kwao, na ni wa kwetu pia. Unaota porini kuanzia Senegali, unapita Sudani, Ethiopia na Somalia, unashuka hadi Kenya na Tanzania. Aliyepita Tsavo au Mkomazi wakati wa kiangazi ameuona: pori lote kijivu, halafu katikati ya mawe kuna kitu kimesimama bila jani hata moja, kimejaa maua.

Sasa kisa changu. Mti wa kwanza niliununua ukiwa na maua, ndani ya chungu kizuri cha kauri. Nikauweka barazani na kuumwagilia kila jioni pamoja na maua mengine. Ulipoanza kupukutisha majani nikasema una kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tatu nikabonyeza kitako kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ngozi ikachanika, yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya viazi vilivyooza. Nilipoung'oa nikakuta chungu hakina tundu hata moja chini, maji yamesimama kama vidole vinne. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeuua kwa mikono yangu huku nikidhani nauhudumia.

Kile kitako ni ghala la maji. Huko porini mvua inanyesha kwa nguvu siku chache, maji yanapita kati ya mawe yanapotea, kisha unapita muda mrefu bila tone. Mti umezoea kunywa haraka na kusubiri. Mizizi ikikaa kwenye tope siku nyingi inakosa hewa, inaoza, na uozo unapanda kimyakimya hadi kitakoni. Unapouona juu, chini umeshakwisha kazi.

Udongo wangu ni huu: ndoo moja ya mchanga wa mto, ule wa chembe kubwa, si mlaini wa kupigia lipu. Nusu ndoo ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Nusu ndoo ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Halafu kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa, konzi tatu nne. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Ukishajaza chungu mwaga maji kikombe kimoja, uhesabu. Nikifika kumi maji hayajaanza kutoka chini, nafumua udongo naongeza kokoto. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni kizuri kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua, ila hata ndoo ya rangi inafaa ukiitoboa matundu ya kutosha.

Kuhusu maji sina ratiba ya siku, nina njiti ya mshikaki. Naichomeka hadi katikati ya chungu. Ikitoka na udongo umeganda, naondoka zangu. Ikitoka safi na kavu, namwagilia hadi maji yatoke chini, basi. Kwangu hapa Kigamboni, Januari na Februari inaangukia kila baada ya siku mbili au tatu kwa vyungu vidogo. Kipupwe cha Juni na Julai napitisha hata siku kumi. Masika vyungu vyote nasogeza chini ya upenu wa nyumba, navirudisha juani mvua zikikata.

Na kitako chenyewe kinasema. Kikiwa kigumu, mti hauna shida, hata kama majani yamepukutika yote. Kikinywea kidogo na udongo umekauka, hiyo ni kiu. Mwagilia, baada ya siku mbili tatu kitajaa. Kikiwa laini huku udongo una maji, huo ni uozo, ung'oe leo hiihii, usingoje kesho.

Jua uupe lote ulilonalo, saa sita kwa siku au zaidi. Ukiuweka sebuleni unarefuka matawi kama mlingoti na hautoi ua.

La mwisho, na naomba lisomwe na kila mwenye watoto: utomvu wa mti huu ni sumu ya moyo. Nawa mikono kila ukikata, usijiguse macho, vaa glavu kama una kidonda. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asiachiwe maua yake. Na asije mtu hapa kuuliza kama ni dawa ya chochote. Si ya kunywa, si ya kuchemsha.

Karibuni.

#2 Mwana wa Nyika, Kilifi

Mama Asmini, shukrani, umesema kweli tupu. Huku pwani ya Kenya wazee wanauita mdagu, na tangu utotoni tulikatazwa kuuchezea. Mbuzi wenyewe hawaugusi. Sehemu nyingi za Afrika watu walitumia utomvu wake kwenye mishale, na wengine kulevya samaki kwenye vidimbwi. Kwa hiyo onyo la mama mlishike.

Langu mimi ni moja. Kuna watu wanaingia porini na sururu, wanang'oa mdagu mkubwa wa miaka mingi, wanakata mizizi ili uingie kwenye gunia, wanaenda kuuza mjini kwa wenye nyumba nzuri. Kuna kilima karibu na shamba la baba yangu ambacho nilipokuwa mdogo kilikuwa kinageuka pinki. Mwaka jana nilipanda nikahesabu mashimo kumi na manne, na miti sita iliyobaki. Ile iliyochukuliwa mingi haifiki mbali, maana mzizi ukikatwa ovyo na kupandwa mbichi kwenye udongo wa bustani unaoza. Mwenye nyumba anapoteza pesa zake na kilima kimebaki na mashimo.

Ukiona mkubwa unauzwa, tazama kitako. Wa kitaluni kina ngozi laini, mizizi imezunguka chungu. Wa porini una makovu, ngozi imekwaruzika kwa mawe, mizizi mifupi yenye alama za panga. Huo msinunue, hata akisema anakupunguzia.

#3 Mama Asmini

Ndugu yangu wa Kilifi, hilo nilipaswa kuliweka mimi mwenyewe juu kabisa. Ahsante. Mbegu zipo, zinaota kwa wingi, hakuna haja ya sururu.

#4 Baba Tunu, Tabata

Dada, mimi yamenikuta. Wangu nimeubonyeza sasa hivi baada ya kusoma, upande mmoja umebonyea na udongo umelowa. Upande wa pili bado mgumu. Ndiyo basi tena au kuna namna?

#5 Mama Asmini

Baba Tunu, kama kuna upande mgumu, una nafasi. Fanya hivi leo.

Ung'oe, uoshe mizizi yote kwa maji ya bomba. Chukua kisu kikali, ukifute kwa spiriti. Anza kukata sehemu laini. Nyama iliyooza ni ya kahawia, nzima ni nyeupe inayoelekea rangi ya krimu. Kata hadi usione alama yoyote ya kahawia, hata nukta. Kila ukikata futa kisu tena, la sivyo unahamisha uozo mwenyewe. Utaona unakata sana na moyo utauma, endelea. Nukta moja ukiiacha, wiki ijayo utarudi palepale.

Ukimaliza paka majivu makavu yaliyochekechwa kwenye kidonda. Wengine hutumia unga wa mdalasini, nao ni mzuri. Kisha ufunge kamba uuning'inize kivulini penye upepo, wiki moja hadi mbili, mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu kama ubao. Usiogope kuona umenywea. Halafu upande kwenye mchanganyiko mkavu, ukae wiki nyingine bila maji. Utupe habari.

#6 Njeri wa Ruiru

Hamjambo. Mimi niko karibu na Nairobi. Huku Julai ni baridi, kuna usiku zinashuka nyuzi 10 au 11, na wangu unabaki vijiti vitupu. Jirani akaniambia umekufa niutupe. Nikaukwaruza ngozi kwa ukucha nikaona kijani ndani, nikauacha. Niufanye nini wakati huo?

#7 Mama Asmini

Dada Njeri, ulifanya vyema kuukwaruza. Umelala tu. Kwenye baridi mti haunywi, kwa hiyo maji yoyote utakayoweka yatakaa pale na kuozesha. Usiku ukianza kuwa baridi usogeze ukutani panapopigwa jua la mchana, uinue kutoka sakafuni, na usimame kumwagilia hadi joto lirudi. Ukiona macho ya majani yanavimba nchani, anza na maji kidogo. Chini ya nyuzi 10 huwa hausalimiki kirahisi, kwa hiyo usiku mbaya kabisa uingize ndani.

Walioko Ulaya na Kanada ni hivyohivyo, ila kwao ni miezi mingi zaidi: ndani, dirishani penye mwanga mwingi, bila maji au tone tu, hadi jua lirudi.

#8 Mja wa Seeb

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Oman, asili yangu Unguja. Nimefurahi kuona uzi huu kwa Kiswahili. Mti huu uko huku pia porini, kusini kwenye milima ya Dhofar. Nilipelekwa na shemeji yangu, tukaikuta imejishika kwenye majabali, kitako chake kimejaza ufa wa mwamba kama kimemiminwa. Na kisiwa cha Sokotra, Yemen, iko ya aina yake, mashina manene mno, mtu mzima anasimama kando anaonekana mtoto.

Ninalotaka kuongeza: hapa kwetu kiangazi kinapita nyuzi 40, na wangu juu ya dari ninaumwagilia kila siku, asubuhi na mapema. Hauozi, kwa sababu udongo unakauka kabla ya jioni. Ila chungu cha plastiki cheusi kilinichemshia mizizi, nikahamia cha udongo. Kwa hiyo msiogope maji kabisa. Mti unakunywa sana ukiwa na joto, jua na majani. Ukikosa kimoja katika hivyo, punguza.

#9 Mama Asmini

Wa alaykum salaam kaka. Umelisema vizuri kuliko mimi. Joto, jua na majani. Nitaliandika kwenye ubao wa kitalu changu.

#10 Binti Mtoni

Mama, naomba ueleze mbegu. Wangu una miaka minne, unatoa maua sana lakini sijaona mbegu hata siku moja.

#11 Mama Asmini

Bibie, pengine uko peke yake. Mwaridi wa jangwani kwa kawaida haujizalishi wenyewe kwa wenyewe, unahitaji mwenzake wa ukoo mwingine. Na tawi ulilokata ukapanda si mwenzake, ni uleule.

Tena ua lake limefichwa. Chungulia ndani ya tarumbeta, utaona kitu kama kihema kilichochongoka, na nyuzi tano zinatoka juu yake. Chavua imo ndani ya kihema hicho. Nyuki wa kawaida wengi hawafiki. Mimi nachana upande mmoja wa ua kwa wembe, nafungua kihema kwa ncha ya sindano, nachota ule unga wa njano kwa brashi ndogo iliyobaki na nywele chache, naupeleka kwenye ua la mti mwingine kwa kuupenyeza chini ya kihema, kati ya mbavu zake. Nafanya asubuhi, maua kumi, nikipata mawili yaliyoshika nashukuru.

Likishika utaona pembe mbili zinaota zimetazamana, kama za mbuzi mdogo. Hapa kaa macho. Zikikomaa zinapasuka zenyewe, na mbegu zake zina manyoya ncha zote mbili, upepo mmoja tu zimekwenda kwa jirani. Mimi nazifunga kwa uzi zikiwa bado kijani, mizunguko mitatu, au nazivisha kipande cha soksi nyembamba. Nilichelewa mara moja, nikazikuta zinazunguka uani kama vigurudumu.

Ukipata mbegu panda zikiwa mpya. Zilaze juu ya mchanga wenye pumba za kuchoma, zifunike kidogo tu, uloweshe kila siku hadi zichipue. Kwa joto la Dar nazikuta zimetoka siku ya nne hadi ya saba. Vichipukizi vinatoka tayari vina vitumbo. Vikishatoa majani manne punguza maji, maana ukungu wa udongo unawakata shingoni.

Na tawi linashika pia, ukiliacha likauke wiki moja kabla ya kulipanda. Lakini kitako kizuri, cha mviringo, kinatokana na mbegu. La tawi huwa na miguu miguu tu.

#12 Fundi wa Kubebesha, Mwenge

Wakuu, niongeze kuhusu yale maua ya tabaka mbili-mbili au tatu-tatu kama waridi halisi. Mengi chimbuko lake ni Thailand na Taiwan, ambako wameyachagua na kuyachanganya kwa miaka mingi. Ukipanda mbegu zake hupati ua lilelile. Kwa hiyo tunabebesha: shina mama la kawaida, kikonyo, yaani kijitawi, cha ule unaoutaka, mkato wa V, tunakaza kwa utepe wa nailoni na kufunika kwa mfuko wiki mbili tatu bila maji kugusa kidonda.

Wateja wengi wanarudi kulalamika kwamba nimewauzia mwekundu wa kukunjana, sasa unatoa pinki ya kawaida. Nikienda kuangalia nakuta matawi yameota chini ya pale tulipobebesha. Hayo ni ya mama, yana nguvu kuliko kikonyo, yanakinyang'anya chakula hadi kinakauka. Kila mwezi tazama chini ya kovu, chipukizi lolote likionekana livunje kwa kidole likiwa changa.

Na kupogoa msiogope. Maua yanatoka nchani mwa matawi, kwa hiyo tawi moja ukilikata likatoa mawili matatu, umeongeza ncha. Mimi nakata Februari, wakati wa jua kali, kidonda kinakauka siku hiyohiyo. Msikate mvua zikiwa zimeshika.

#13 Mama Asmini

Fundi, ahsante. Na kila unapohamisha chungu, inua mti vidole viwili juu ya ulipokuwa, ile mizizi minene ibaki nje. Mwaka hadi mwaka inanenepa, mti unasimama kama umekanyaga. Mizizi iliyokuwa gizani ianze kivulini siku chache, ngozi yake inaungua.

Kuhusu mbolea, kwa aliyeniuliza faraghani: samadi nyingi mbichi na urea zinaleta majani manene na shina legelege. Mimi natumia mboji kwenye udongo na ile mbolea ya maua yenye potasi nyingi, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, na wakati mti una majani tu. Uliolala haulishwi.

#14 Njeri wa Ruiru

Kuna mnyama anamaliza wangu! Jioni una majani, asubuhi vijiti. Chini naona punje nyeusi kubwa kama pilipili manga.

#15 Mwana wa Nyika, Kilifi

Dada, huyo ni kiwavi wa kijani, mnene kama kidole, ana madoa mawili ya buluu karibu na kichwa kama macho, na kipembe mkiani. Anashinda chini ya jani na rangi yake ni ileile, ndiyo maana humwoni. Fuata zile punje: zilipo nyingi, tazama juu yake. Mtoe kwa mkono, hana sumu ya kuwasha. Atakuwa mmoja au wawili tu, huna haja ya dawa. Akikua anakuwa nondo mzuri sana wa kijani, mimi huwa namhamishia kwenye moliana (oleanda) wa uani, maana anakula na huo.

Wa kuogopa zaidi ni vidung'ata weupe kama pamba kwenye maungio, na vidukari vya njano kwenye vichwa vya maua. Hao pulizia maji ya sabuni jioni, suuza asubuhi, rudia baada ya siku tano.

#16 Baba Tunu, Tabata

Narudi na mrejesho. Wiki saba zimepita. Nilikata karibu nusu ya kitako, mke wangu akasema nimebakiza kipande cha muhogo. Nikauning'iniza dirishani pa stoo siku kumi na mbili, nikaupanda kwenye mchanga na pumba za kuchoma kama ulivyoelekeza dada. Nilipanga kuutupa Jumapili iliyopita maana haukuonyesha kitu. Asubuhi ya leo nimeona vitu viwili vya kijani nchani, vidogo kama punje za mtama, vimechongoka. Kitako nimekibonyeza pande zote, ni kigumu. Je, nianze kumwagilia?

#17 Mama Asmini

Alhamdulillah, Baba Tunu! Hayo ni majani. Usimwagilie bado. Subiri yafunguke hadi uyaone umbo, pengine wiki nyingine. Siku hiyo mpe kikombe kimoja cha chai, asubuhi, pembeni mwa chungu, mbali na kovu. Kisha chomeka njiti kila siku mbili, usiongeze hadi itoke kavu. Na uanze kuusogeza juani taratibu, muda wa saa mbili tu asubuhi kwanza. Weka picha majani yakifunguka.